Nyota tatu na nusu kwa mashine ya risiti (EFD), mwaka wa pili sasa dukani kwangu Mwanga, Kigoma

Kuna watu hawaniachi na swali la hii mashine, na ni haki yao maana wengi ni wenye maduka madogo kama mimi ambao mauzo yao ndo yameanza kugusa milioni 11 kwa mwaka na wanajua zamu yao ya kuinunua imefika. Kwaiyo leo, wiki ya mbalamwezi, wavuvi wamelala majumbani na duka limepoa, nimekaa niandike yote kwa mpigo. Brandi siitaji na wakala aliyeniuzia simtaji pia, mbele mtajua kwa nini.

Mimi nauza vifaa vya uvuvi. Nyavu, kamba, maboya, taa za sola za kuvulia dagaa, betri, na makorokoro mengine ambayo mvuvi akikosa usiku mmoja anakugombeza kama vile wewe ndo uliyemzamisha. Wateja wangu wa Kibirizi, Katonga, Ujiji, na Wakongo wanaovuka kuja kuchukua mzigo. Mashine niliinunua kwa laki sita na kitu, hela taslimu, siku hiyo niliumia kichwa kabisa maana kwa laki sita napata bando zima la nyavu.

Kifaa chenyewe ni kidogo, unakishika mkono mmoja, batani kama za kikokotoo, ndani kina laini ya simu ya kutuma taarifa, juu kinatema risiti. Kijana wangu wa dukani alijifunza siku moja tu na sasa ananishinda spidi. Betri iko poa sana, siwezi kuisema vibaya, umeme ukikata asubuhi napiga kazi mpaka jioni, na sisi watu wa Kigoma tuliolelewa na mlio wa majenereta ya dizeli kabla gridi ya taifa haijaanza kufika huku 2022 tunajua thamani ya kitu chenye betri. Mtandao ukizingua inaendelea kukata risiti, ukirudi inatuma yenyewe. Jioni unatoa Z, yani ile ripoti ya kufunga siku, dakika moja imeisha. Ukisahau kutoa Z ya jana basi asubuhi mashine inagoma mpaka uitoe, na ikigoma inagomea mbele ya mteja mwenye haraka, hiyo nimeizoea kama ninavyozoea mke wangu akinuna, najua nilikosea wapi.

Sasa karatasi. Hapa naitoa nyota nzima bila huruma. Karatasi ya roli ni zile za joto, hazitumii wino, na duka langu ni la bati, saa nane mchana humo ndani unaweza kukausha migebuka. Risiti ya mwezi wa pili ukiifungua mwezi wa nane unakuta karatasi nyeupe imekunja mikono. Na sheria inanitaka nitunze kumbukumbu za biashara miaka mitano! Miaka mitano karatasi ambayo haimalizi miezi sita. Siku hizi kila Z napiga picha na simu, afu kila mwisho wa mwezi napeleka zile Z kwa jamaa wa stationari anatoa kopi, hiyo gharama nayo hakuna aliyeniambia wakati nanunua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Kwa vijana wasiojua, Waha wa huku enzi za Mwingereza walikuwa wanabebwa kwa treni kwenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, na kilichowatoa nyumbani sanasana ilikuwa kodi ya kichwa, maana kodi ilitakiwa kwa shilingi na shilingi huku haikuwepo, ukiitaka uifuate kwenye mkonge. Stakabadhi ulitembea nayo, ukikutwa huna, shauri yako. Mzee alipofariki tukakuta kwenye kopo la chai stakabadhi yake, karatasi imekuwa ya njano kama mawese yaliyoganda lakini kila kitu kinasomeka, jina na kiasi. Hiyo kodi ilishakufa, hata mtoto wake, kodi ya maendeleo, alikuja kufutwa 2003, karatasi bado ipo. Yangu ya mwezi wa pili haipo. Wataalamu wa mashine jibuni hilo.

Tuje kwenye jambo ambalo naona linawachanganya wateja wengi, na wenye maduka tunalichangia. "Na risiti au bila?" Hiyo sentensi Kigoma nzima unaisikia, kana kwamba risiti ni mchuzi wa kuongeza kwenye wali. Mteja anaamini ukimkatia risiti bei inapanda asilimia 18. Sikilizeni, asilimia 18 ni VAT, na VAT anaitoza aliyesajiliwa VAT, na kusajiliwa ni lazima ukifika mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, tangu Julai 2023 ndo ikawa hivyo, kabla ilikuwa milioni 100. Mimi duka langu halifiki hata robo ya hapo. Risiti yangu haina VAT hata shilingi, bei ni ileile. Kwaiyo mwenye kaduka kama kangu akikwambia "na risiti itakuwa elfu hamsini na tisa, bila risiti hamsini" huyo anakula hiyo elfu tisa mwenyewe, au anakutisha usidai. Wakongo wao wala hawaulizi, wanataka risiti kwanza ndo wafungue pochi, maana mzigo ukikamatwa njiani hauna karatasi unageuka mzigo wa mtu mwingine. Wabongo ndo tunapenda kusema "acha tu kaka, utanipa siku nyingine", na sheria ina faini hata kwa mnunuzi asiyedai.

Sawa. Sasa kwa nini wenye maduka tunaikimbia wakati bei haibadiliki? Hapa mnisikilize taratibu maana ndo moyo wa mrejesho wangu wote.

Mashine inahesabu mauzo. Faida haiijui. Na kodi yetu sisi wadogo, kwa jedwali lililokuja na Sheria ya Fedha ya 2022, ukiwa na mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 unalipa asilimia 3.5 ya mauzo. Ya mauzo, sio ya kilichobaki mfukoni. Ukisikia tatu na nusu unaona ndogo, hata mimi nilicheka nikasema kumbe tulikuwa tunaogopa bure. Afu nikapiga hesabu.

Mauzo yangu kwa mwaka ni kama milioni 46. Kinachobaki nikishatoa bei ya kununulia na kusafirisha, nikichanganya nyavu zenye faida ndogo na taa zenye faida nzuri kidogo, ni kama asilimia 15 ya mauzo, yani milioni 6.9. Toa frem laki kwa mwezi, milioni 1.2. Toa kijana, naye laki kwa mwezi, milioni 1.2 nyingine. Toa umeme, roli, kopi, nauli, weka laki tatu. Inabaki milioni 4.2, hiyo ndo mimi na mke na watoto wanne. Kodi yangu ni asilimia 3.5 ya 46, milioni moja laki sita na elfu kumi. Kwa lugha nyingine kwenye kila shilingi mia niliyopata kweli naachia kama thelathini na nane.

Sasa mchukue mwajiriwa anayepata hiyohiyo milioni 4.2 kwa mwaka, yani laki tatu na nusu kwa mwezi. Laki mbili na sabini za kwanza hazikatwi kitu, inayozidi anakatwa asilimia 8, inakuja 6,400 kwa mwezi, kwa mwaka 76,800. Mimi milioni 1.6, yeye elfu 76. Tunaishi mtaa mmoja Gungu, tunanunua dagaa kwa mama mmoja. Simwonei wivu, mshahara wa laki tatu na nusu nao ni mateso, nasema tu kwamba aliyepanga hizi ngazi alikaa ofisi mbili tofauti.

Na mimi nina nafuu. Jirani yangu anauza unga wa jumla. Mfuko ananunua, anauza elfu arobaini, anabaki na 1,500. Asilimia 3.5 ya elfu arobaini ni 1,400. Imebaki shilingi mia kwenye mfuko, na hapo hajalipa frem wala mbebaji! Huyu mtu akikata risiti ya kila mfuko amefunga duka, asipokata ni mkwepa kodi. Afu upande wa pili wa barabara kuna fundi simu, vifaa vyake vichache, hela anayopokea karibu yote ni ufundi wake, naye ni 3.5 ileile. Muuza unga na fundi simu kwenye sufuria moja. Kwa hiyo ukiona mtu anauliza na risiti au bila, usikimbilie kumwita mwizi, kwanza muulize anauza nini.

Mhasibu mmoja nilimpelekea hizi hesabu akaniambia kumbe sio lazima nikae kwenye jedwali la mauzo, mtu anaweza kuchagua kutoka na kupeleka mahesabu kamili akatozwa kwa faida. Sikuwahi kusikia hilo popote, wala wakala alivyokuwa ananiuzia mashine hakulitaja. Ila ili uende huko uwe na vitabu vilivyonyooka, risiti za manunuzi yote, za kusafirisha, mkataba wa frem, kila kitu, na mhasibu naye hali upepo. Jamaa anayeniletea kamba kutoka Dar hajawahi kunipa risiti hata ya kumdanganyia mtoto. Ndo maana nimeanza kudai, nimekuwa mimi ndo yule mteja msumbufu sasa.

Haya, nimeisema, sasa niisifie, maana kuna siku hii mashine iliniokoa na sitaisahau.

2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Siipingi, tulikuwa tumefika mahali dagaa wanavuliwa wakiwa bado hawajui kuogelea. Lakini fikiria duka la nyavu ziwa limefungwa. Mwezi wa sita kuna siku Z ilitoka imeandika sifuri, siku nzima, nikaibandika ukutani. Na makadirio ya kodi yalishapangwa mwanzo wa mwaka, unalipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba, kana kwamba samaki nao wanafuata kalenda ya ofisi, wakati biashara ya huku inafuata mwezi wa angani, giza tunauza, mbalamwezi tunalala. Zamani bila mashine ningeenda kulia kwa maneno. Kila mtu analia kwa maneno, afisa atamwamini nani. Safari hii nilibeba Z zangu, kopi zote nimezipanga kwa tarehe kama mtoto wa sekondari, Machi hizi hapa, Juni hizi hapa, jionee mwenyewe. Yule dada, afisa wa kodi, alikaa nazo kama nusu saa, akafungua kwenye kompyuta yake akaziona zilezile, akasema makadirio yanarekebishwa. Yakashuka. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeokota hela.

Kwaiyo mashine haina rafiki, inasema nilichouza, nikiuza sana inanichongea, nisipouza inanitetea. Mimi nasema bora hiyo kuliko makadirio ya macho, ya mtu kuingia dukani akaona rangi mpya ukutani akasema hapa pana mauzo.

Halafu kuna kitu imenifanyia kichwani ambacho sikukitegemea. Ukishaanza kukata risiti kila siku, unaanza kuwaza na mwenzako anayechukua kodi, yani serikali, naye akupe risiti ya kwake. Bajeti ya serikali 2025/26 ni trilioni 56.49. Nilikaa na kikokotoo nikagawa kwa hiyo milioni 1.61 yangu, ikaja wenye maduka kama mimi milioni 35. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na vichanga humo. Yani zaidi ya nusu ya nchi wawe wanauza nyavu Mwanga. Hapo ndo utaelewa kwa nini kila mwaka mwezi wa sita wanahangaika kutafuta pengine pa kuchota, simu, LUKU, mafuta.

Hiyo LUKU niseme kidogo. Kodi ya jengo ilianza kukatwa humo Agosti 2021, elfu moja kwa mwezi, 2023 ikawa elfu moja mia tano. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Frem yangu mwenyewe yuko Dar, umeme nanunua mimi, nakatwa mimi. Eti nimdai anirudishie. Nilimpigia nikamwambia mzee wangu, shikamoo, kuna elfu kumi na nane yangu ya mwaka, akaitikia marahaba vizuri kabisa, akacheka, akaniuliza hali ya hewa ya Kigoma.

Ila kwenye matumizi nimeona njia mbili na nataka wanaotunga haya mambo wazione. Ile tozo ya miamala ya simu, 15 Julai 2021, ya juu kabisa ilifika elfu kumi kwa muamala, watu tulipiga kelele mpaka Septemba ileile ikapunguzwa asilimia 30. Ilisemwa inaenda vituo vya afya na madarasa na barabara za vijijini, sawa, lakini mimi niliyekatwa pale Kibirizi nikituma hela ya mzigo sikuweza kunyoosha kidole nikasema ile pale ni yangu. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukaja mkopo wa UVIKO wa IMF, trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20. Bei moja, inajulikana na kila mtu mpaka bibi anayeuza mihogo. Watu mtaani walikuwa wanakaa wanabishana, milioni ishirini hizi, simenti mifuko mingapi, mbona bati hizi nyembamba, madawati yako wapi, fundi alikuwa hawezi kukohoa. Mkopo huo, sio hata hela iliyokatwa kwenye simu yangu moja kwa moja, ila ndo niliouona kama wangu kwa sababu nilijua bei. Bei ikiwa kwenye kibao nje ya jengo ile ni risiti. Tunataka tu hivyo, zahanati ikipigwa rangi andika rangi shilingi ngapi, sisi kazi ya kubishana tutafanya bure.

Na reli. Kipande cha SGR, ile reli ya kisasa, Tabora Kigoma, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022, na sisi ndo mwisho wa reli tangu 1914, tunajua kusubiri treni kuliko mtu yeyote. Nyavu zangu zikija kwa treni ya mwendokasi badala ya lori linalolala njiani, hiyo milioni 1.6 ntailipa naimba. Tuendelee.

Kilichobaki ni wakala, na hapa nyota zimepukutika. Mashine mwezi wa tisa iligoma kuchapa, karatasi inatoka nyeupe. Nikampigia, akasema fundi yuko Mwanza niitume kwa basi, siku tatu. Zikawa wiki tatu. Muda wote huo naandika risiti za mkono, na unatakiwa utoe taarifa kwamba mashine ni mbovu, afu ikipona uziingize zote, kijana wangu alikesha siku mbili anabofya. Iliporudi nikaambiwa nadaiwa elfu themanini na tano "huduma ya mwaka". Ipi? Ile ya kunichelewesha? Kwenye kununua hakuitaja, kwenye karatasi haipo. Nikamwambia nipe risiti ya hiyo elfu themanini na tano.

Kimya.

Mtu anayeuza mashine za risiti hana risiti! Nilicheka mpaka kijana akatoka stoo kuuliza kuna nini. Akanitumia ya kuandika kwa mkono kwa picha ya simu, nikamrudishia, mpaka leo hajanijibu na mimi sijamlipa.

Kwa anayetaka kununua: uliza fundi yuko mji gani kabla hujauliza bei, kama yuko mbali na Kigoma muombe mashine ya kuazima yako ikiwa matengenezo, na iandikwe. Huduma ya mwaka nayo iandikwe, kiasi na inahusu nini. Roli nunua nzito, zile za bei chee ndo zinafifia haraka zaidi. Z piga picha jioni hiyohiyo. Ukiwa unauza vitu vya faida nyembamba kama unga, sukari, soda, kabla ya mashine tafuta kwanza mhasibu akuambie kama jedwali la mauzo linakufaa au uende na mahesabu, usije ukajua mwaka wa pili kama mimi.

Mashine yenyewe nyota nne, karatasi moja, wakala sifuri maana hakuna chini ya hapo, ukinilazimisha niweke namba moja ni tatu na nusu, sawa na wanayonikata. Mstari mwekundu umeshatokea kwenye roli, natoa Z ya leo nifunge. Elfu kumi na mbili, kamba tu na ndoano. Giza linaanza wiki ijayo.